Kabla hujanunua betri mpya, sikiliza mota ya baiskeli yako inasema nini

Leo naomba tutoke kidogo kwenye malisho na chanjo, twende barabarani. Tangu baiskeli za umeme zianze kuonekana huku kwetu milimani, swali ninaloulizwa sana ni hili: "Afisa, baiskeli ilikuwa inanifikisha kituoni na maziwa yangu bila shida. Sasa hivi inanizimikia mlimani. Ninunue betri nyingine?"

Jibu fupi: usinunue bado. Betri ndiyo kifaa cha bei kuliko vingine vyote kwenye baiskeli hizi, na mara nyingine shida haipo kwenye betri kabisa. Mota na betri vina taarifa zao wenyewe, namba zinazoeleza nini kinaendelea. Kazi ni kuzitoa kule ndani na kuzileta mahali unapoweza kuzisoma, iwe kwenye kompyuta ya baiskeli au kwenye simu yako. Leo tutaona namna ya kufanya hivyo, na namna ya kuzitumia namba hizo kuamua.

Kwa nini jambo hili linamhusu mfugaji

Maziwa hayana subira. Ukishakamua, una muda wa saa mbili au tatu hivi kabla vijidudu havijaanza kuongezeka kwa kasi. Jua likiwa kali, muda huo unapungua. Kituoni wanayapoza hadi nyuzi joto 4, lakini hawawezi kuyarudisha yalipokuwa asubuhi. Yakishachachuka umeyapoteza. Yule anayepima hana maneno mengi: yanapokelewa au yanamwagwa.

Sasa fikiria umebeba lita 40, baiskeli inazima ukiwa umebakiza kilomita tatu za mlima. Utasukuma. Baiskeli ya umeme yenye mzigo, mota ikiwa imelala, ni nzito kuliko baiskeli ya kawaida. Ukifika, saa zimeshakwenda. Ikitokea hivyo mara tatu kwa mwezi, faida yote ya baiskeli imepotea.

Namba zinatoka wapi

Kwenye baiskeli ya umeme kuna kisanduku kinachoitwa kontrola. Hiki ndicho ubongo wa baiskeli. Kinapokea umeme kutoka kwenye betri na kuugawa kwenda kwenye mota. Ili kifanye kazi hiyo lazima kijue mambo kadhaa kila wakati:

- volti za betri ni ngapi;
- ampea ngapi zinapita kwenda kwenye mota;
- gurudumu linazunguka kwa kasi gani;
- unapiga pedali au umetulia (sensa ya sumaku kwenye pedali ndiyo inayotoa taarifa; baiskeli za bei ya juu zina sensa inayopima pia nguvu ya mguu);
- umechagua msaada wa ngazi gani, 1, 2, 3 na kuendelea.

Kwa hiyo namba zipo tayari, hazihitaji kutengenezwa. Kontrola inazituma kwa waya hadi kwenye skrini ndogo ya kwenye usukani. Tatizo ni kwamba skrini nyingi za bei nafuu zinakuonyesha kidogo mno: kasi, kilomita, na vimstari vinne au vitano vya betri.

Vimstari vile vina udanganyifu wake. Vingi vinahesabiwa kwa volti tu, na volti hushuka mota inapovuta kwa nguvu. Betri ya volti 36 ikijaa inasoma 42. Ukiwa tambarare inaweza kusoma 38. Ukianza mlima inashuka hadi 35, ukimaliza mlima inapanda tena. Ndo maana unaona vimstari viwili vinapotea halafu vinarudi kama mchezo. Betri haijajijaza njiani. Ilikuwa imelemewa tu.

Kompyuta ya baiskeli na lugha zake mbili

Kompyuta ya baiskeli ni kifaa kidogo, chini ya ukubwa wa simu, kinachofungwa kwenye usukani. Waendesha baiskeli za mashindano wanazitumia sana. Majina utakayokutana nayo ni Garmin Edge, Wahoo ELEMNT na Hammerhead Karoo. Zinapokea taarifa bila waya kutoka kwenye sensa mbalimbali, na baadhi yake zinapokea pia taarifa za mota.

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Ili baiskeli na kompyuta vielewane, lazima viongee lugha moja. Zipo mbili kubwa.

Ya kwanza inaitwa ANT+. Ilianzia kwenye kampuni ya Dynastream ya Kanada, ambayo Garmin iliinunua mwaka 2006. Ndani ya ANT+ kuna utaratibu maalumu kwa ajili ya vyombo vidogo vya umeme, unaitwa LEV. Utaratibu huu umepanga kabisa mahali pa kila taarifa: kasi, kilomita, asilimia ya betri, ngazi ya msaada, umbali uliobaki, hata matumizi ya umeme kwa kila kilomita. Uzuri mwingine, ANT+ inatangaza kama redio: vifaa viwili vitatu vinaweza kusikiliza kwa pamoja.

Ya pili ni Bluetooth, hii ya kwenye simu yako. Bluetooth ina utaratibu wa pamoja kwa kasi, kwa mizunguko ya pedali na kwa nguvu ya mguu wa mwendeshaji. Lakini betri ya mota na ngazi ya msaada, kila mtengenezaji anazituma kwa namna yake. Kwa hiyo baiskeli na kompyuta vinaweza vyote kuwa na Bluetooth na bado visielewane kuhusu betri. Ni kama watu wawili wana simu nzuri, mmoja anaongea Kinyakyusa, mwingine Kimasai. Simu inaita, inapokelewa, ila mazungumzo hakuna.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, muulize muuzaji maswali haya matatu:

1. Baiskeli hii inatuma taarifa bila waya, au inatumia waya tu hadi kwenye skrini yake?
2. Kama inatuma, ni ANT+ ya utaratibu wa LEV, au ni Bluetooth?
3. Kompyuta ninayotaka kununua imetajwa na mtengenezaji kwamba inapokea taarifa za baiskeli za umeme? Usiridhike na jibu la "ina ANT+". Zipo zenye ANT+ zinazosoma kasi na mapigo ya moyo tu, LEV hazijui.

Muuzaji akianza kuzungukazunguka, mwambie akuunganishie palepale dukani, uone kwa macho.

Hatua za kuunganisha

Kama baiskeli na kompyuta vinaelewana, kazi yenyewe haichukui hata dakika kumi:

1. Washa baiskeli. Mota iliyozimwa haitangazi chochote.
2. Kama simu yako ina programu ya baiskeli hiyo, ifunge na uzime Bluetooth ya simu. Mara nyingi baiskeli hukubali kifaa kimoja tu kwa Bluetooth. Simu ikishaishika, kompyuta itatafuta hadi ichoke.
3. Kwenye kompyuta, fungua sehemu ya sensa, chagua kuongeza mpya, kisha chagua baiskeli ya umeme. Ukichagua sensa ya kasi tu, utapata kasi tu.
4. Kaa mbali na baiskeli nyingine za umeme wakati huo, usije ukaunganisha ya jirani.
5. Ikishaipata, tengeneza ukurasa wa kusomea. Weka vitu vinne tu: asilimia ya betri, ngazi ya msaada, kilomita, na matumizi kwa kilomita kama yapo. Ukijaza namba kumi hutasoma hata moja.
6. Weka mzingo wa gurudumu sawasawa. Pakia mzigo wa kawaida, chora alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma mpaka tairi lizunguke mara moja, pima kwa milimita. Mzingo ukikosewa kwa asilimia 5, kilomita zako zote zitakosewa kwa asilimia 5.

Jambo moja la kuelewa: kompyuta ikikuonyesha wati kutoka kwenye sensa ya pedali, hizo mara nyingi ni za mguu wako, si za mota. Usizichanganye.

Na sisi wenye mota za bei nafuu?

Najua unachowaza. Wengi wetu tuna baiskeli ya kawaida iliyofungwa mota ya kwenye gurudumu, kontrola isiyo na jina na skrini ya vimstari. Hiyo haitangazi kitu chochote hewani. Je, ndo basi? Hapana. Zipo njia mbili.

Njia ya kwanza ni kupitia betri yenyewe. Ndani ya kila betri nzuri ya lithiamu kuna kadi ya ulinzi, mafundi wanaiita BMS. Baadhi ya kadi hizi zina Bluetooth, na zinaonekana kwenye simu ya kawaida ya Android kwa programu ya bure. Zinakuonyesha volti, ampea zinazotoka wakati huohuo, ampea-saa, na volti za kila kundi la seli. Kwa mfugaji nadhani hii ndiyo njia ya gharama ndogo kuliko zote, kwa sababu simu unayo tayari. Ukinunua betri, sisitiza yenye BMS ya Bluetooth. Na kama kikundi chenu kina betri za kubadilishana, ni bora zaidi, maana taarifa zinakaa kwenye betri, hazibaki kwenye baiskeli. Kule Zimbabwe, Mobility for Africa wanatumia utaratibu wa kubadilishana betri kwa magurudumu matatu yao ya umeme, yanayoitwa Hamba, yanayotumiwa na wanawake wa vijijini. Betri zikianza kuzunguka mikononi mwa watu wengi, bila namba hakuna anayejua ipi imechoka, na ndipo lawama zinapoanza.

Njia ya pili ni kufunga kipimo kati ya betri na kontrola. Mfano unaojulikana ni Cycle Analyst ya kampuni ya Grin Technologies ya Vancouver, Kanada. Inapima umeme unaopita, inahesabu ampea-saa na matumizi kwa kilomita kwenye skrini yake, na kila sekunde inatoa mstari wa namba kupitia waya. Kijana aliyesoma elektroniki anaweza kuunganisha waya huo na kadi ndogo ya ESP32, yenye Bluetooth ndani, ikazisoma namba na kuzirusha hewani. Azingatie tu kwamba ESP32 inatumia volti 3.3 kwenye waya zake za taarifa. Akiipa volti 5 moja kwa moja ataiunguza.

Kuna ujanja mmoja nimeupenda. Kwa kuwa kompyuta nyingi hazijui betri ya mota kwa Bluetooth lakini karibu zote zinajua mapigo ya moyo, fundi anaipanga kadi itume asilimia ya betri kana kwamba ni mapigo ya moyo. Ukiona moyo unapiga 46, usikimbilie zahanati. Hiyo ni betri asilimia 46.

Dalili moja, magonjwa mawili

Sasa tufike kwenye lile swali la mwanzo. Nitatumia hesabu, nifuate taratibu.

Tuseme baiskeli yako ina betri ya volti 36 na ampea-saa 13. Zidisha: wati-saa 468. Huo ndio umeme wote uliopo ikiwa mpya na imejaa. Wewe, baiskeli, madumu na maziwa ni kilo 150. Njia ni kilomita 12 za vumbi, na kituo kipo mita 200 juu ya nyumbani. Kuupandisha mzigo huo mita 200 peke yake, ukijumlisha kinachopotea kwenye mota, kunataka wati-saa zipatazo 110. Kwenda mwendo wa kawaida kwenye vumbi bila kupiga pedali kunataka kama 12 kwa kila kilomita. Jumla inakuja karibu wati-saa 250, sawa na ampea-saa 7. Unafika kituoni umetumia asilimia 54, umebaki na 46. Kurudi ni mteremko na madumu matupu. Mambo safi.

Miezi inapita. Siku moja unafika umebaki na asilimia 30 tu. Mzigo uleule, njia ileile. Fundi wa mtaani atakwambia betri imekwisha. Usimkubalie wala usimkatalie. Angalia ampea-saa zilizotoka.

*Ugonjwa wa kwanza: zimetoka 9.1 badala ya 7.* Hapo betri imetoa umeme mwingi kuliko zamani, kwa hiyo betri ni nzima. Kinachokula ni njia au chombo. Kagua upepo wa matairi kwanza. Halafu nyanyua gurudumu ulizungushe kwa mkono: breki inagusa? Beringi inakwaruza? Mnyororo una kutu? Je, umepunguza kupiga pedali, au umehamia ngazi ya juu ya msaada? Marekebisho mengi ya hapa ni pampu, grisi na nusu saa ya fundi.

*Ugonjwa wa pili: zimetoka 7 zilezile, lakini asilimia imeshuka 70.* Hapo chombo hakijabadilika. Ndoo ndiyo imekuwa ndogo. Kama ampea-saa 7 ni asilimia 70, basi betri nzima sasa ni ampea-saa 10, si 13 tena. Imebaki na asilimia 77 ya uwezo wake. Watengenezaji wengi huhesabu betri kuwa imechoka ikifika kati ya asilimia 80 na 70. Hapa ndipo unaanza kuweka akiba ya betri mpya, ila bado unafika kituoni. Hulazimiki kukopa leo.

Umeona? Skrini ya vimstari ingekuonyesha kitu kilekile kwa magonjwa yote mawili. Aliye na namba ya ampea-saa anajua atoe hela ya pampu au hela ya betri.

Angalizo moja. Baadhi ya BMS zinahesabu asilimia kwa ule uwezo ulioandikwa tangu kiwandani, hazijui kwamba betri imesinyaa. Kwenye mfano wetu, betri hiyo ingezima ghafla huku simu ikisema bado kuna asilimia 23. Ukiona hivyo, tambua ni ugonjwa uleule wa pili.

Na kabla hujaihukumu betri, fungua ukurasa wa seli. Betri ya volti 36 ina makundi 10 ya seli yaliyopangwa mfululizo. Kama makundi tisa yanasoma volti 3.6 na moja limeshuka hadi 3.1, BMS inaweza kuzima betri yote mapema kwa ajili ya hilo moja. Fundi wa betri mwenye vifaa anaweza kutibu kundi hilo. Sio lazima ununue nzima.

Daftari lako

Namba ya siku moja haina maana. Namna unavyoandika lita za kila ng'ombe, andika na hizi mara moja kwa wiki, siku ileile, njia ileile: tarehe, lita ulizobeba, kilomita, ampea-saa zilizotumika, asilimia iliyobaki. Kama mnabadilishana betri, kila betri iandikwe namba kwa rangi na iwe na ukurasa wake. Wiki sita zikipita utaanza kuona mwelekeo kabla baiskeli haijakuzimikia.

Tahadhari

- Usifungue betri mwenyewe. Waya mbili za lithiamu zikigusana zinatoa moto usiozimika kwa ndoo ya maji.
- Ukifunga kipimo chochote, weka fyuzi na uzibe viungo vyote visiingize maji. Mvua za huku unazijua.
- Usiiache betri juani wala kuihifadhi kwa wiki nyingi ikiwa imejaa kabisa au imekauka kabisa.
- Soma namba ukiwa umesimama. Barabara zetu zina mashimo, na maziwa hayasubiri mtu aliyeanguka mtaroni.

Kwa leo tuishie hapo. Kama unayo baiskeli inayokuzimikia, nitumie namba tatu tu: ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri, ampea-saa zilizotumika hadi kituoni, na asilimia iliyobaki. Tutafanya hesabu pamoja kabla hujaenda dukani. Kila la heri, na asubuhi njema kwenye kukamua.